Vyuma Vitatu Vinatosha

Anayetaka kujifunza kufungua kufuli bila ufunguo huanza na swali lilelile: ninunue seti ipi? Nami humrudishia swali: mlangoni kwenu kuna kufuli gani? Wengi hawana jibu. Huishika asubuhi na jioni, huilaani ikigoma, lakini hawajawahi kuchungulia tundu lake wala kuhesabu meno ya ufunguo wake. Seti ya vichokonoo inakuja baadaye. Kwanza zitazamwe kufuli zenyewe, maana hizo ndizo zitakazoamua chuma kipi kipite na kipi kikwame.

Kazi hii nilijifunzia Gisenyi, katika kibanda cha fundi mmoja mtaa wa Mbugangari, karibu na kivuko cha mpakani tunachokiita Petite Barrière. Ukivuka tu uko Birere, Goma. Kabla ya mpaka kufungwa kwa ajili ya korona Machi 2020, makumi ya maelfu ya watu walipita pale kwa miguu kila siku: akina mama na karoti zao kichwani, walemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo hadi huoni dereva, wanafunzi, wachukuzi wa saruji. Kila mmoja ana kitu cha kufungia, hata kama ni sanduku la bati tu lenye pesa za chenji. Mteja wa Goma hufika akisema kadenasi, wa Gisenyi akisema ingufuri, na Mzee, bila kumtazama yeyote, hunyoosha kiganja apewe.

Mzee ndilo jina alilojulikana kwalo, hata na waliomzidi umri. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatoa akiwa ameinama. Vifaa vyake vyote vilikaa katika kipande cha kitenge alichokikunja mara tatu na kukifunga kwa uzi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na anayevuka nayo kutoka Goma hunyang'anywa pale pale mpakani. Lakini sidhani kama kitenge kile kilitokana na sheria. Mzee alitaka tu vyuma vyake vilale bila kugongana ncha.

Kibandani petu zilifika kufuli za aina tatu, ukiacha za ajabu. Nyingi zaidi zilikuwa zile za shaba kutoka China zenye alama ya duara tatu, Tri-Circle, ambazo Afrika Mashariki yote inazijua: utazikuta kwenye vibanda vya mbao, kwenye masanduku ya wanafunzi wa bweni, kwenye mnyororo wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyolazwa nje usiku. Za pili zilikuwa vitasa vya leva katika nyumba za zamani zilizojengwa wakati wa Wabelgiji upande wa ziwani, zile za ufunguo mrefu wenye meno kwenye ncha tu. Za tatu ni silinda za Kizungu za milango ya chuma, ambazo siku hizi zimejaa kila nyumba mpya inapoinuka. Vitasa vya leva niviweke kando mapema: vina vyuma vyake vingine kabisa, na seti yoyote ya mwanzoni inayouzwa madukani haitakufaa kitu mbele yake. Anayeishi katika nyumba ya namna hiyo na kununua seti ya kawaida ili ajizoeze mlangoni kwake amenunua mapambo.

Ndani ya kufuli ya shaba kuna kiini cha mviringo, na kiini hicho ndicho kinachozunguka ufunguo unapozunguka. Kutoka kwenye mwili wa kufuli hadi ndani ya kiini kumetobolewa vishimo vilivyojipanga mstari mmoja, vitatu au vinne katika kufuli ndogo, vitano au sita katika silinda ya mlango. Kila kishimo kina pini mbili zilizobebana, na springi inayozisukuma kuelekea kwenye njia ya ufunguo. Pini ikilala nusu ndani ya kiini nusu ndani ya mwili, kiini hakigeuki. Ufunguo wake halali ukiingia, meno yake huinua kila jozi hadi pale pini mbili zinapokutana palingane sawasawa na ukingo wa kiini. Hapo hakuna tena kinachozuia. Mzee aliieleza habari hii kwa lugha ya mtaani kwetu. Ukisimama mguu mmoja Rwanda na mguu mmoja Kongo, alisema, askari wa pande zote mbili watakushika. Kila mtu akiwa upande wake, barabara inapitika.

Wazo lenyewe ni la kale mno. Wamisri wa kale walikuwa na makomeo ya mbao yenye vigingi vinavyodondoka kwa uzito wake, na ufunguo wa mbao wenye vijiti vya kuviinua. Mmarekani Linus Yale mdogo, kwa hataza zake za 1861 na 1865, ndiye aliyelikamilisha wazo hilo katika umbo dogo la chuma lenye ufunguo bapa wa kutia mfukoni, na hadi leo tunafunga milango kwa kazi yake.

Kinachomwezesha mtu kuifungua bila ufunguo ni kasoro ya kiwandani. Hakuna mashine inayotoboa vishimo vitano vikae kwenye mstari mmoja kamili. Kimoja kimeenda kulia kwa unywele, kingine kushoto. Kwa hiyo ukikigeuza kiini taratibu, pini zote hazibanwi kwa pamoja. Hubanwa moja kwanza. Iinue hiyo hadi ifike ukingoni, kiini kitasogea kidogo kisichoonekana kwa jicho, na pini nyingine itabanwa. Unaitafuta hiyo nayo. Ndiyo kazi yote. Kufuli ghali zaidi ni ile ambayo mtengenezaji wake ameghadhibikia kasoro hiyo na kuipunguza, akaongeza na pini zilizonyongwa kiuno ili zikudanganye kwamba zimeshafika kumbe bado.

Ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo aliyekuwa Brussels, aliposikia ninajifunza kazi hii alinitumia seti. Ilikuwa nzuri kuitazama: mkoba wa zipu, vyuma vya mipini myekundu vilivyopangwa kwa urefu, vikazio kadhaa, na kufuli ya plastiki ya kuona ndani. Niliipeleka kibandani. Mzee alifuta meza kwa mkono, akavitandaza vyote kwenye kitenge, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Hakuangalia maumbo. Alichukua kimoja kimoja, akakiinua kuelekea mlangoni penye mwanga, akapitisha ukucha wa dole gumba ukingoni mwake, kwenda na kurudi. Vilivyokwaruza ukucha alivitenga. Vilivyobaki akavijaribu kwenye kufuli za shaba kutoka katika kopo lake la kufuli yatima, zile zilizoletwa na wenyewe hawakurudi. Hakujaribu kuzifungua. Alitaka kujua kama chuma kinaingia hadi mwisho na bado kina nafasi ya kucheza.

Vingi havikuingia. Njia ya ufunguo ya kufuli ndogo ya shaba ni nyembamba na imepinda katikati, na vyuma vile vilikatwa kutoka bamba nene. Mwisho alibakiza viwili: ndoana fupi, na kingine chenye ncha ya mawimbi matatu. Vikazio vyote alivirudisha mkobani bila hata kuvijaribu.

"Hivi vingine ni vya nini, Mzee?" nikamuuliza.

"Vya kuuzia seti, mwanangu."

Nimeiona hukumu hiyo ikithibitika mara nyingi tangu hapo. Duka huuza kwa hesabu ya vipande, kwa sababu mnunuzi asiyejua hawezi kupima kingine. Vipande ishirini vinaonekana vyema kuliko vitano. Lakini kati ya ishirini hivyo utakuta mawimbi ya namna sita yanayofanya kazi moja, duara na nusu duara zinazofaa kufuli za meza za ofisini, na vipande ambavyo hata aliyevichora sijui kama angeweza kueleza ni vya nini. Anayeanza akiwa navyo vyote hujaribu hiki, kikishindwa anashika kile, kikishindwa anashika kingine, na kwa namna hiyo hajui kamwe kama aliyeshindwa ni chuma au ni mkono. Mwenye ndoana moja analazimika kuujua mkono wake.

Kwa unene, tafuta chuma cha karibu nusu milimita. Seti nyingi za kawaida huwa za milimita 0.6, na hizo zinafaa silinda nyingi za milango. Kwa njia nyembamba kama za kufuli zetu ndogo kuna za 0.4, ambazo hupita kwa urahisi lakini hupinda zikishikwa na mtu mwenye hasira. Chuma kiwe cha springi au chuma kisichoshika kutu, ambacho ukikipinda kidogo kinarudi chenyewe. Kingo zake ziwe zimesuguliwa. Ukikuta zimeacha alama za kukatwa, si lazima uzitupe: msasa laini na subira ya jioni moja vinamaliza tatizo hilo. Mipini ni suala la starehe tu. Mpini mnene wa mpira huumeza mtikisiko mdogo unaotoka kwenye pini, na mtikisiko huo ndio habari pekee unayopata kutoka ndani. Mimi napenda chuma kitupu kilichoviringishiwa utepe kidogo.

Sasa kikazio. Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo, maana picha za seti hukiweka pembeni kama kijiko kilichosahauliwa, na kumbe ndicho chombo chenyewe. Kikazio ni kile kichuma bapa kilichopindwa ncha, unachokiingiza ukingoni mwa njia ya ufunguo ili kukigeuza kiini kwa nguvu ndogo huku mkono wa pili ukiinua pini. Ndoana inaongea na pini moja kwa wakati mmoja. Kikazio kinazisikia zote. Kikiwa kinene mno kinaziba njia na ndoana haina pa kupita. Kikiwa chembamba mno kinateleza na pini ulizozipanga zinaanguka kwa mkupuo mmoja, na unaanza upya.

Mzee alitengeneza vyake kwa waipa za malori. Malori ya mizigo hayakosekani upande wa mpakani, na waipa iliyokwisha haina mwenyewe. Ukiuchana mpira wake utakuta ndani yake mikanda miwili mirefu ya chuma kisichoshika kutu, myembamba, yenye kunesa. Alikata kipande cha urefu wa kidole, akakibana kwenye jiliwa, akakipinda ncha kwa pigo moja la nyundo ndogo, kisha akapitisha tupa kwenye ncha hiyo huku akiijaribu kwenye kufuli kila baada ya misuguano michache. Ilipofika ikaingia kwa kukaza kidogo, bila kuchezacheza, aliacha. Kwa ndoana alitumia upamsumeno wa kukatia chuma uliovunjika. Huo husuguliwa kwenye jiwe la kunolea pole pole na kuchovywa majini kila mara. Ukiacha ukapata moto hadi ukageuka rangi ya buluu umekwisha. Utapinda kama waya. Kuna wanaotumia njiti za mwavuli na spoku za baiskeli. Zinafanya kazi, kwa muda.

Kwa hiyo vyuma vitatu: ndoana fupi, mawimbi, kikazio. Kwa vitatu hivyo nilifungua kufuli zote za lile kopo, nyingine kwa dakika, nyingine kwa jioni kadhaa.

Nguvu ya kukigeuza kiini ndiyo inayowashinda karibu wote wanaoanza, na hakuna seti inayoiuza. Mzee alinikataza kushika kikazio kwa dole gumba na cha shahada. Alitaka kidole cha mwisho tu kikilalie, kwa uzito wake chenyewe. Mtu anayefungua kufuli ya chuma hudhani chuma kinataka kushurutishwa, akakaza, pini zote zikabanwa kwa pamoja, na hapo hakuna inayoweza kuinuka wala kushuka. Ukilegeza hadi uone aibu, ndipo unasikia. Pini iliyobanwa huwa ngumu kidogo chini ya ndoana, zilizo huru hunesa. Ile ngumu unaiinua, inatoa mlio mdogo, na kikazio kinasogea kiasi ambacho ngozi inakijua na jicho halikioni.

Kisa maarufu kuliko vyote katika kazi hii kinahusu jambo hilihili. Joseph Bramah, fundi wa London, aliunda kufuli yake mwaka 1784, na miaka michache baadaye ikawekwa kwenye dirisha la duka lake, Piccadilly, na tangazo la zawadi ya ginia 200 kwa atakayetengeneza chombo cha kuifungua. Ilikaa pale zaidi ya nusu karne. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, akaja Mmarekani Alfred Charles Hobbs. Kwanza aliifungua kufuli ya Chubb, iliyosifiwa kuwa haifunguki na yenye mtego unaomshitaki aliyeichokoa, kwa kama dakika 25. Kisha akaikalia ya Bramah. Ilimchukua saa 51 za kazi zilizogawanywa katika siku 16, akitumia vyombo alivyojitengenezea, na kimojawapo kilikuwa cha kushikilia mgandamizo usiobadilika, ili mikono ibaki huru kusikiliza. Waingereza walinung'unika kwamba mwizi hapewi siku 16. Kweli. Lakini Hobbs alijibu pia hoja nyingine, nzito zaidi, kwamba kuzungumza wazi udhaifu wa kufuli ni kuwafundisha wezi: katika kitabu cha 1853 kilichohaririwa na Charles Tomlinson kutokana na maandishi yake, inatetewa kwamba wezi wanaijua kazi yao siku zote, na anayebaki gizani ni mnunuzi mwaminifu.

Nakubaliana nao, kwa sharti. Kibandani Mbugangari sharti hilo lilikuwa na sura ya mtu. Mteja aliyekuja na kufuli mkononi alihudumiwa bila maswali mengi. Aliyekuja akisema amefungiwa nje ya nyumba aliulizwa: mkuu wa mudugudu wenu anajua? Kama hajui, Mzee hakunyanyuka. Alimtaka mkuu huyo wa kijiji awepo pale mlangoni, au majirani wawili, na hakujali mvua wala saa. Nilimwona bwana mmoja aliyevaa vizuri, mwenye gari, akimpandishia sauti na kuongeza bei mara mbili. "Mheshimiwa," Mzee akamwambia akiendelea kusugua ufunguo kwa tupa, "mimi nakaa hapa, mlango unakaa hapa, wewe una gari." Bwana yule akaenda, na sikumwona tena. Kuna nchi zilizoamua kulimaliza jambo hili kwa sheria. Japani tangu 2003 imekataza watu wasio na sababu ya kikazi kumiliki vyombo hivi. Wanaofungua kufuli kwa burudani, ambao Ulaya na Marekani wana vyama vyao, wamejiwekea miiko miwili: usiguse kufuli isiyo yako, na usijizoeze kwenye kufuli inayotumika. Mwiko wa pili una sababu ya kiufundi pia. Pini ikizidi kuinuliwa, au springi ikichoka, ufunguo halali utakataa kuingia, nawe utalala nje.

Mwongozo wa kwanza niliousoma ni ule ulioandikwa MIT, Marekani, na kuenea kote tangu 1991. Ni mwongozo mzuri, na nguvu zinazofanya kazi ndani ya kufuli zimeelezwa vizuri. Lakini michoro yake inaweka pini juu ya njia ya ufunguo, kama zinavyokaa katika milango ya Wamarekani. Silinda za Kizungu zilizofungwa katika milango yetu zinakaa kinyume: pini zipo chini, na meno ya ufunguo yanaangalia sakafu. Kufuli ya kuning'inia nayo ina mambo yake, inategemea umeishika vipi. Basi anayesoma kitabu cha Kimarekani na kusimama mbele ya mlango wa Gisenyi anaingiza ndoana upande usio na pini hata moja na kutafuta huko kwa nusu saa. Kwa mtazamo huo seti yenye kikazio cha aina moja tu ina upungufu: unahitaji cha kukaa upande wa chini wa njia na cha kukaa upande wa juu. Hicho cha pili, waipa ileile inakitoa.

Bastola ya kufuli, ile unayovuta kifyatuo ikagonga pini zote kwa pamoja, usiinunue mwanzoni. Inafungua, lakini hujifunzi chochote. Seti zilizofichwa ndani ya kadi ya benki au kalamu ni za sinema. Kuhusu ufunguo malaya, kama wanavyouita Dar, huo ni wa kufuli za kizamani zenye vizuizi visivyotembea, na hauna kazi hapa.

Na kufuli ya plastiki inayoonyesha ndani? Ilikaa kwenye rafu ya kibanda, watoto waliitolea macho. Ina faida ya dakika kumi, unapotaka kuelewa pini zinavyopanda. Baada ya hapo inadhuru, kwa sababu inaufundisha ubongo kufuata jicho, na mlangoni hakuna jicho. Vishimo vyake pia vimelegea mno hata hutikisi mara mbili. Bora kununua kufuli halisi ya bei ndogo na kuivunja. Toa pini zote, rudisha jozi moja tu, fungua. Rudisha ya pili. Endelea hivyo hadi zijae. Fanya kazi hiyo ndani ya beseni pana au juu ya kitambaa chenye manyoya, maana springi zake ni ndogo kama punje ya mtama iliyochipua na zikiruka hazipatikani.

Mei 22, 2021, Jumamosi jioni, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Usiku ule Goma ilimiminika Gisenyi, watu na magodoro, na wengi walifunga milango kwa haraka na kuondoka, au walidhani wamefunga. Siku zilizofuata ardhi haikutulia. Matetemeko yalikuja mfululizo, mengine yakipita kipimo cha 5, na Gisenyi nyumba zilipasuka kuta, nyingine zikalala. Mei 27 gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini aliamuru mitaa mingi ya Goma ihamwe, watu wakaondoka tena.

Kibandani tuliletewa malalamiko ya namna moja: ufunguo ni uleule, mlango ni uleule, haufunguki. Nilibeba kitenge cha vyuma nikamfuata Mzee. Kwenye mlango wa kwanza aliingiza ufunguo wa mwenye nyumba, akaujaribu, akautoa. Kisha akapiga magoti na kutazama kwa muda mrefu uwazi kati ya mlango na fremu. Juu ulikuwa wa kidole. Chini haukuwepo. Fremu ilikuwa imeyumba, ulimi wa kitasa umebanwa na chuma cha fremu, na hakuna ufunguo wala kichokonoo kingeurudisha. Aliomba kabari ya mbao na mtu mwenye mwili. Kabari ikapigwa chini ya mlango upande wa bawaba, mwenye mwili akauvuta mlango kwake kwa uzito wake wote, na ufunguo ukazunguka. Wiki ile yote kitenge hakikufunguliwa zaidi ya mara chache. Milango tuliyoisaidia tuliisaidia kwa mbao, na kwa nyundo.

Baada ya hapo likaja vumbi. Vumbi la lava ni jeusi na linakwaruza, na Goma lipo kila mahali hata pasipokuwa na mlipuko. Likiingia katika kufuli pini zinashikana. Mtu akiongeza mafuta ya kupikia, kama wanavyofanya wengi, anatengeneza uji ndani yake. Kufuli nyingi zilizoletwa kwetu "zimeharibika" zilihitaji kuoshwa na kutiwa unga wa risasi ya penseli. Ndiyo maana nikimshauri anayeanza juu ya seti yake huongeza penseli. Haimo kwenye seti yoyote ninayoijua.

Sasa nina binti anayejifunza kwangu. Ametengeneza ndoana yake mwenyewe, ni nzuri kuliko yangu ya kwanza, na anaisugua zaidi kuliko anavyoitumia. Juzi alirudi kutoka kwenye nyumba inayojengwa barabara ya ziwani akiwa na silinda ya aina mpya, ile ambayo ufunguo wake hauna meno bali vishimo ubavuni. Akaniuliza ni seti gani ya kununua kwa hizi, ameona moja inauzwa ina vipande kumi na viwili. Nilimpa bisibisi na beseni. Tumeifungua yote, tumezipanga pini zake kwenye gazeti kwa mpangilio zilivyotoka, na tumekuta zimelala ubavu, kwa hiyo ndoana yetu inazipita bila kuzigusa. Itahitajika ncha iliyopindwa pembeni. Anapima upana wa njia kwa kipande cha waipa, na ameandika 2 na nusu kwenye ukingo wa gazeti. Nimemwambia apime tena, akiwa ametoa vumbi kwanza.